Dirisha la Wakati Mwafaka

Nchi za watu nimezitembea zote, na hakuna serikali nisiyoijua kuanzia barazani hadi jikoni. Nimezitembea kwa masikio, lakini. Miguu yenyewe haifiki sokoni bila kukaa chini njiani, na jiko pekee la mkubwa nililowahi kuingia ni la mkwe wangu, nikatolewa.

Haya basi. Ilikuwepo nchi. Jina lake silitaji, wala si kwa woga. Ni kwa sababu jina hilo lilisajiliwa na shemeji yake Rais, na atakayelitamka bila kibali atajibu. Wenyeji wakiulizwa wanatoka wapi walisema, "Huku huku." Wakiimba wimbo wa taifa, kila walipofika penye jina la nchi walifumba midomo wakaguna. Wageni walidhani ndiyo heshima ya huko.

Na jambo hilo halikuanza kwa ubaya. Serikali ile ilipenda sana biashara. Iliuza mto, mto ukaondoka na samaki wake. Ikauza mchanga. Ikauza msitu, kisha ikauza na kivuli cha msitu kwa watu wa mbali waliokuwa wakisumbuliwa na joto. Vitu vilipokwisha, Waziri akatazama huku na huku, akaona kimebaki kitu kimoja ambacho wananchi walikuwa wakikitumia ovyo tangu enzi za mababu bila kumshukuru mtu: majina. Ikaundwa Wizara ya Majina na Alama.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema siku ya uzinduzi, yeye akiwa kivulini na ndugu wananchi wakiwa juani, "jina ni mali! Mfanyabiashara mdogo asiyesajili jina la bidhaa yake ni sawa na mtu aliyelala mlango wazi. Akiibiwa, tusimlaumu mwizi. Mwizi ametimiza wajibu wake. Tuulaumu mlango!"

Watu walipiga makofi sana. Wengi wao hawakuwa na milango.

*

Katika nchi hiyo, mtaa wa Mabati, aliishi mwanamke aitwaye Siwatu, mtengenezaji wa achari ya ndimu. Hilo la Siwatu alikuwa amebaki kulijua yeye na marehemu mama yake. Watu wote walimwita Mama Nargisi, kama ilivyo ada: mwanamke akishazaa, jina lake hukunjwa likatiwa sandukuni, akavaa la mwanawe.

Nargisi mwenyewe alikuwa amekufa. Mtaani kwao palikuwa na zahanati mpya, yenye vitanda na dawa na mapangaboi, nayo ilikuwa imefungwa kwa sababu haijafunguliwa. Utepe mwekundu ulikuwa mlangoni ukimsubiri Waziri, na Waziri alikuwa akisubiri mkasi, kwa maana mkasi uliagizwa ng'ambo. Mtoto akashikwa na homa, mama akambeba mbio mpaka barazani pa zahanati. Daktari alimwona kupitia dirishani, akamwonea huruma sana.

"Mama," alisema, "dawa yake naiona hii hapa. Lakini nikikata utepe huu nimeipindua nchi."

Nargisi akafia pale barazani, kidole amekizungushia ule utepe, kwa sababu ulikuwa unang'aa na watoto hupenda vinavyong'aa. Taarifa ya habari ya jioni ilisema maandalizi ya ufunguzi yanaendelea vizuri.

Arobaini ilipopita, Siwatu akarudi kwenye ndimu zake. Akazipasua msalaba, akazishindilia chumvi, akazianika juu ya paa mpaka zikalainika na kugeuka rangi, akazitia pilipili na bizari na siki. Akazijaza chupani. Halafu, bila ya mtu kumshauri, akachukua wino akaandika kwenye kila chupa: NARGISI.

Haikuwa akili ya biashara. Alitaka tu kuliona. Lakini wateja wakaanza kuja na kusema, "Nargisi ipo leo?" naye akajibu, "Yupo." Wengine wakapita barabarani wakiitana, "Umenunua Nargisi? Ninunulie na mimi!" Ikawa mchana kutwa jina linaitwa mtaani, huku na kule, kama vile mtoto katumwa dukani tu na njiani kakutana na wenziwe. Ndicho kitu kilichomtoa Siwatu kitandani asubuhi. Pangekuwa hakuna hilo, ndimu zingeoza na yeye pamoja nazo.

Jirani yake, Bi Kazija, mkaanga mihogo, alikuwa mwanamke ambaye kinywa chake hakikuwahi kutiwa pazia.

"Shoga, kalisajili hilo jina. Unangoja liote ndevu?"

"Nitalisajili."

"Lini?"

"Nikiona limekua."

"Likishakua litakuwa na wachumba! Siku hizi hata jina la mbwa linaibwa."

"La mbwa, sawa," Siwatu alisema. "Lakini nani aibe jina la maiti, Kazija? Mwizi naye ana mama."

Bi Kazija akageuza mihogo yake katika karai, akafikiri.

"Mwizi wa kuku ana mama," akasema. "Hawa wengine sina hakika nao."

*

Basi siku moja Siwatu akajitanda kanga mpya akaenda Wizarani. Jengo lilikuwa refu, na chini yake palikuwa na madirisha matatu. La kwanza liliandikwa BADO MAPEMA. La mwisho liliandikwa UMESHACHELEWA. La katikati liliandikwa WAKATI MWAFAKA, nalo lilikuwa na pazia zito, na nyuma ya pazia ilisikika sauti ya mtu anakunywa chai.

Karani alikuwa mmoja, mwembamba, akihudumia madirisha yote kwa kuhamisha kiti na kubadilisha tai. Siwatu akaenda la kwanza.

"Nimekuja kusajili jina la achari yangu."

"Nani anakujua?" karani aliuliza.

"Mtaa wote."

"Mtaa si nchi, mama. Serikali haiwezi kulinda kitu kisichojulikana. Itakilinda dhidi ya nani? Nani atakitaka? Nenda kajulikane kwanza."

"Nikishajulikana nirudi?"

"Urudi mbio."

Siwatu akaenda kujulikana. Kujulikana kwenyewe si mchezo. Aliamka alfajiri, akapasua ndimu mpaka vidole vikachanika, chumvi ikaingia kwenye michaniko, naye akasema si kitu, kelele za jina zilikuwa zinaongezeka. Achari ikavuka mtaa, ikavuka mji. Mwisho ikafika Ikulu, katika karamu ya mgeni wa heshima. Mgeni akatia kijiko kizima mdomoni akabubujikwa na machozi, na gazeti la serikali likaandika kwamba alizidiwa na hisia baada ya kujionea maendeleo.

Siwatu akarudi Wizarani mbio, kama alivyoagizwa. Karani alipomwona tu akavua tai ya kijani, akavaa nyekundu, akaburuta kiti mpaka dirisha la mwisho.

"Mama Nargisi! Nani asiyekujua!"

"Ndiyo nimekuja kusajili."

"Umeshachelewa. Kitu kinachojulikana na watu wote ni cha watu wote. Na cha watu wote, ndiyo kusema cha serikali. Ungewahi kidogo."

"Nilikuja, ukasema mapema."

"Na ilikuwa mapema."

"Sasa wakati wenyewe hasa ulikuwa lini, mwanangu?"

Karani akatazama dari, akahesabu kwa vidole. "Jumanne," akasema.

"Jumanne nilipita hapa. Mlikuwa mmefunga."

"Tulifunga, ndiyo. Ilikuwa sikukuu. Ilitokea bahati mbaya tu kwamba Wakati Mwafaka wako uliangukia sikukuu." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Wengi huwaangukia sikukuu."

Upepo ukapuliza pazia la dirisha la katikati. Siwatu akaona meza, birika la chai, sahani ya sambusa, na pembeni ya sambusa chupa ya achari iliyoliwa nusu, yenye mwandiko wake mwenyewe. Na nyuma ya chupa alikaa mtu mnene mwenye uso mtulivu, akijifuta midomo. Huyo alikuwa Bwana Jabu Mkwiji, Katibu wa Wakati Mwafaka, mtumishi pekee wa nchi ile aliyekuwa na ufunguo wa kuingia kazini siku za sikukuu.

*

Haukupita muda, redio ikatangaza kwamba jina Nargisi, kwa maandishi, kwa matamshi na kwa kuashiria, ni mali halali ya Bwana Jabu Mkwiji. Madukani zikaingia chupa mpya za Nargisi, zimepigwa chapa ya dhahabu. Ndani yake mlikuwa na papai bichi lililotiwa rangi. Wateja walinunua, wakatema, wakanunua tena, kwa sababu ndiyo ilikuwa halali.

Mtaani akaletwa Mkaguzi wa Matamshi. Kijana mpole, mwenye masikio makubwa, hakuwa na ubaya na mtu. Alisimama tu kwenye kona, na akisikia jina analiandikia faini. Siku ya kwanza alimnasa babu mmoja aliyezoea kumwamkia Mama Nargisi kwa jina. Siku ya pili alimnasa mke wa muuza nyanya, ambaye binti yake naye aliitwa hivyo hivyo. Yule mtoto tangu siku ile akaitwa Wewe, na shuleni mwalimu akisoma majina alipofika kwake alikohoa, naye akaitika.

Watu wakajifunza. Asubuhi wakipita kwa Siwatu walisema, "Hujambo, Mama... Mama wa Nanihii." Wengine waliona heri wasiseme kitu. Walinyanyua mkono wakapita, wanatazama chini. Achari yake alikuwa anaiuza bado, katika chupa zisizo na jina, na wateja wakinyoosha kidole: "Ile. Nipe ile." Mtaa ukawa kimya. Siwatu akikaa mlangoni jioni akitega sikio, hasikii kitu ila karai la Kazija.

"Sema neno basi," alimwambia Kazija siku moja.

"Niseme nini, Mama..." Kazija akatazama konani alipo Mkaguzi, akauma mdomo. Alikuwa mwanamke asiyeogopa mtu, na ndiyo mara ya kwanza Siwatu kumwona anaumeza ulimi wake. Wote wawili waliona haya.

Halafu zamu ikafika makaburini.

Siwatu alikuwa huko siku hiyo anang'oa majani. Mkaguzi akatokea na ndoo ya chokaa na brashi. Akaamkia vizuri, akavua viatu.

"Samahani sana, mama. Kibao hiki kinatangaza jina mbele ya umma bila ya kibali cha mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye aliyelala hapa chini, mwanangu."

"Najua, mama. Hata mimi nimefiwa. Nishikie ndoo kidogo."

Na Siwatu akamshikia ndoo. Baadaye alijiuliza kwa nini, asipate jibu. Labda kwa sababu mtu akikwambia kwa adabu nishikie, mkono hutangulia. Mkaguzi akapaka taratibu, kwa uangalifu, asidondoshee maua. Akapaka mara ya pili ili herufi zisichungulie. Akasema pole, akavaa viatu, akaondoka. Kibao kikabaki cheupe peee, kikitazama juu kama jicho la kipofu.

Usiku ule Siwatu hakulia. Aligundua kitu kibaya zaidi: alifungua mdomo chumbani mwake, peke yake, taa imezimwa, mlango una komeo, akataka kumwita mwanawe, na sauti ikakataa kutoka.

Asubuhi akaenda kukata rufaa.

*

Baraza la Rufaa ya Majina lilikaa katika ukumbi mkubwa wenye vipaza sauti, na shauri likatangazwa redioni moja kwa moja, kwa sababu serikali ile haikuwa na siri ila zile kubwa. Mwamuzi alikuwa mzee mwenye joho zito, aliyesifika kwa uadilifu: alikuwa akizisikiliza pande zote mbili kabla ya kuipa ushindi ile iliyotakiwa. Ila jambo moja hakulisamehe kamwe, nalo ni kuapa uongo mbele yake. Mtu akinaswa na uongo wa kiapo, jina lilirudi kwa mpinzani na yeye alikwenda jela, awe nani. Mwamuzi alisema uongo bila kiapo ni utawala, lakini kwa kiapo ni dharau.

"Mama," akaanza, "jina hili umelipata wapi?"

"Nilizaa, nikamwita mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kaburini."

"Kaburi limeandikwa jina?"

"Lilikuwa limeandikwa. Mmelipaka chokaa."

"Kwa hiyo halina jina," Mwamuzi alisema, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Huo si ushahidi, mama. Hicho ni kibao cheupe. Bwana Katibu aapishwe."

Bwana Jabu akaapa, mkono juu. Sasa hapo ndipo alipopata tabu, kwa maana hakuwa ametayarisha kitu. Tangu awe Katibu hakuwahi kuulizwa kitu kilipotoka. Akautazama ukumbi. Akamtazama yule mwanamke wa kanga, akaona jinsi watu wanavyomtazama kwa uchungu, na akaona uchungu ule wenyewe ni mali, na umekaa pale bila ya kusajiliwa.

Akatoa leso.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ikamkatika vizuri mno, "sikupenda kuyasema haya hadharani. Nargisi ni binti yangu. Binti yangu wa kuzaa, mimi na mke wangu wa ndoa. Alifariki. Jina hili ni... ni kumbukumbu yake." Akalia. "Alikuwa akipenda sana achari."

Ukumbi ukasimama. Mwamuzi akavua miwani akaifuta. Mtangazaji wa redio akanong'ona kwamba nchi nzima imeshikwa na huzuni.

Siwatu kifua kilimchemka kama mafuta yanayomwagiwa maji. Kwanza alitaka kumrukia. Kisha akamtazama Bwana Jabu anavyopenga kamasi, na kile kilichochemka kikatulia, kikapoa, kikawa kigumu.

"Pole sana, baba," akasema. "Wallahi sikujua kama umefiwa. Ningejua ningekuja kukuhani, nikupe mkono wa pole."

"Ahsante, mama," alisema Bwana Jabu, leso puani.

"Na kwa kuhani je, jina tunaruhusiwa kulitaja?"

Vipaza sauti vyote vilikuwa vimeelekezwa kwake. Bwana Jabu akafungua mikono kama anayekumbatia taifa. "Kwa maombolezo," akasema, "ruhusa. Wote mnakaribishwa."

"Iandikwe," alisema Mwamuzi, "kwamba mlalamikaji ana adabu." Kisha akampa ushindi Bwana Jabu.

Siwatu akarudi mtaani. Akamkuta Bi Kazija anamenya mihogo.

"Bwana Jabu kafiwa," akamwambia.

"Nimesikia redioni. Na binti yake."

"Mimi na wewe tumekwenda kuhani?"

Kazija akaacha kisu. Akamtazama shoga yake usoni, polepole uso wake ukaanza kufunguka kama mlango.

"Hatujakwenda," akasema. "Hata mtaa wetu hakwenda mtu. Aibu gani hii, jamani! Watatuonaje?"

*

Mtu mwenye kuwajua watu wa huko anajua: serikali yao waliweza kuiogopa, deni waliweza kulikimbia, lakini mkono wa pole hawakuwahi kumnyima mtu. Hata aliyesikia msiba baada ya mwaka hujifunga kanga akaenda, akasema nilikuwa sijui. Basi asubuhi ya pili mtaa wa Mabati ukahama. Wakatoka wanawake na mikeka, sufuria za pilau, kuni, magunia ya mchele, mbuzi wawili. Wanaume wakabeba turubai na viti. Njiani mitaa mingine ikawauliza waendako, wakaambiwa, nao wakaingia ndani kuchukua mikeka yao.

Nyumba ya Bwana Jabu ilikuwa na ukuta mrefu na mlinzi. Mlinzi yule alifundishwa kuzuia wezi, wadai na ndugu wa mbali. Msiba hakufundishwa. Alipoona wanawake wamejitanda na vichwa vimeinama, akavua kofia, akafungua geti lote.

Wakatandika. Wakapiga mafiga juu ya majani ya bustani, wakawasha moto. Siwatu akakaa katikati ya mkeka, miguu kainyoosha kama mfiwa, wanawake wakamzunguka. Mkaguzi wa Matamshi alikuwa amekuja pia, kikazi, akasimama ukutani na masikio yake.

Siwatu akafungua mdomo.

"Nargisi mwanangu wee!"

Kazija akamkanyaga kidole. "Wa Bwana Jabu," akanong'ona.

"Nargisi wa Bwana Jabu!" akalia Siwatu. Kisha sauti ikamtoka yenyewe na hakuna aliyeweza tena kuisahihisha. "Nargisi! Nargisi mama! Nargisi, njoo!" Na wanawake wote wakaangua, mtaa mzima wa watu waliofungwa midomo, Nargisi ee, Nargisi, mpaka ndege wakatoka mitini. Mke wa muuza nyanya akamwita wa kwake aliye hai. Yule daktari wa zahanati, aliyekuja nyuma ya wote, akalia akijipiga kifua. Mkaguzi akatoa kalamu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni akainamisha uso.

Mchana Mwamuzi akafika mwenyewe na joho lake, maana mtu mwadilifu hakosi pilau ya msiba. Akapewa kiti kirefu chini ya turubai na kikombe cha kahawa. Na ndipo aliporudi mwenye nyumba wa kike, Bi Hidaya, mke wa Bwana Jabu, aliyekuwa kwa msusi tangu asubuhi wala redio haisikilizi kwa sababu mumewe husemwa humo. Alipoona mafiga na turubai kwake akatupa mkoba.

"Mume wangu!" akapiga ukelele. "Mume wangu amekufa!"

Bwana Jabu alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini nyuma yake. "Sijafa, mke wangu," akasema.

Bi Hidaya akageuka, akamwona mzima. Akawatazama wale watu. "Basi nani kafa?"

Siwatu akanyanyuka mkekani, macho mekundu, akamshika mikono yote miwili kama mwanamke anavyomshika mwenziwe.

"Binti yenu, dada. Nargisi. Pole sana. Tumechelewa kujua. Baba yake kaapa mbele ya Mheshimiwa Mwamuzi, huyo hapo, kwamba mlimzaa wewe na yeye."

"Binti yetu?" Bi Hidaya alisema. "Binti gani? Mimi nina wavulana watupu, na wote nimewaacha ndani wanakula!"

Vilio vikakatika. Kahawa ya Mwamuzi ikasimama katikati ya kikombe na mdomo. Bwana Jabu akamtazama Mwamuzi, akaona jela. Akamtazama mkewe: labda aseme mama wa mtoto ni mwingine? Akaona mwiko mkubwa wa pilau ulivyokuwa karibu na mkono wa Bi Hidaya, na Bi Kazija akimsogezea.

"Mke wangu amechanganyikiwa kwa majonzi," akawaambia watu. "Msimsikilize. Amesahau."

"Nimesahau kuzaa, Jabu?"

"Kila msiba una namna yake..."

"Mimi nakuuliza! Mtoto nimebeba kwa tumbo langu, nikamzaa, nikamzika, na nimesahau?"

Mwamuzi akaweka kikombe chini. Akavaa miwani. "Bwana Katibu," alisema taratibu, "bado uko chini ya kiapo. Mjibu mkeo. Ilikuwaje mama mzazi asijue?"

Watu wote wakasogea. Hata mbuzi aliyebaki aligeuza kichwa. Bwana Jabu akatafuta, akapata, uso ukamng'aa kama mtu aliyeona mlango uko wazi.

"Hakujua," akasema, "kwa sababu siku aliyozaliwa mtoto, mke wangu alikuwa amesafiri."